Mara Sabini na Tano Hadi Voi

Shangazi Mejumaa hajawahi kuipita Voi.
Alikwenda mara moja, mazishini, akarudi na vumbi jekundu
kwenye upindo wa leso, na tangu hapo Voi ndiyo kipimo chake.
"Nassoro, huko uliko ni Voi ngapi?"

Nikachukua kalamu. Halifax hadi Mombasa,
uwanja kwa uwanja, mstari mmoja usiopinda,
kilomita elfu kumi na moja, mia tatu na hamsini.
Nikagawanya.
"Mara sabini na tano, shangazi. Na vipande."
Akanyamaza. Nikasikia akigeuza kitu kikaangoni.
"Na mazishi ni ya nani?"

Kwenye karatasi, saa kumi na tatu zingetosha:
lala, amka, shuka. Njia ya mwongo fupi.
Ndege hiyo haipo. Iliyopo huanza kwa kurudi nyuma,
saa mbili na ushee kulifuata jua linakozama, hadi Toronto,
ndipo unageuzwa, unapitishwa tena huku huku ulikotoka,
umelipa nauli kuuona mji wako gizani.
Kisha Addis, viti vya chuma, chai ya bei ya kuku.
Jumlisha na kungoja: saa ishirini na tisa,
na mishahara minne ya mikono yangu.

Mabawa ya ndege ya Toronto nayajua kuliko rubani.
Baridi ikianza nasimama kibandani, juu ya mkono wa lori,
nayamwagia dawa moto ya rangi ya chungwa
na barafu inabanduka kama utando wa maziwa.
Miaka sita nakogesha ndege.
Sijapanda hata moja.

Lakini kuna jambo sijamwambia shangazi,
maana kwake halitakuwa ajabu.
Tangu Machi mpaka Novemba ichungulie,
saa ya ukutani jikoni mwangu husema Kiswahili.
Akrabu fupi ikigusa tatu, huku ni usiku wa manane,
bandari imelala, mbwa wa jirani amelala,
na Likoni ni saa tatu asubuhi. Tatu ileile.
Shangazi anamwaga maji ya sufuria uani.
Hakuna kutoa, hakuna kujumlisha.
Voi zote zile, sabini na tano,
zimekunjwa zikaenea kwenye tarakimu moja ukutani.
Wenyeji hawajui. Wakisema tatu, ni tatu yao tu.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya Novemba
serikali hurudisha saa nyuma.
Watu hulala zaidi, hushukuru.
Mimi nilikuwa zamu. Saa ileile ilipita mara mbili juu ya lori langu
na hakuna ndege iliyosogea.

Niliporudi, simu, jiko, redio,
vyote vilikwisha kuhama bila kuniaga.
Ya ukutani peke yake ilikuwa bado Likoni.

Jioni Bi Doreen alikuja kuchukua kodi.
Mwema sana, huniletea supu ya samaki.
Akaitazama, akavuta kiti, akapanda,
kidole chake kikaielekea akrabu.
"Imekosea. Saa nzima."
Nikamwomba aiache.
Akauliza kwa nini, angali juu ya kiti,
na kwa Kiingereza changu chote cha miaka sita
sikupata pa kuanzia.
Nikasema ni betri.

Tangu siku hiyo huitazama, nikajisahau,
nikafika kituoni saa moja kabla ya basi,
theluji ya kwanza ikitua mabegani, napiga miguu chini
peke yangu chini ya taa.
Saa moja si haba.
Kwetu, ukishavuka feri, na malori yakikupisha,
saa moja inakufikisha Mariakani.